Kasuku Anasema Pamba Moja Haipo

Mshauri wetu wa asubuhi, mpendwa wa wenye redio na wa sisi tunaosikilizia dirishani kwa jirani,

Nakuomba msaada, lakini kwanza ujue unazungumza na nani. Mimi ndiye mwalimu mkubwa wa ndege katika mji huu, kasuku wangu ana maneno mengi kuliko mwanasiasa yeyote na yote nimemtia mimi, kwa subira, neno baada ya neno, kama mtoto wa chekechea. Basi huo ni uongo, na naukana sasa hivi kabla hujaanza kunisifu hewani, neno nililomfundisha ni moja tu, "Hodi," na hata hilo nilimfundisha kwa nia mbaya kama utakavyosikia huko mbele, mengine yote kayaokota mwenyewe kwenye kibanda changu cha kunyolea, maana mimi ni kinyozi mstaafu, yaani mikono ndiyo imestaafu, mdomo bado uko kazini. Anaitwa Diwani kwa sababu huongea asipoulizwa na akiulizwa hunyamaza.

Sasa sikiliza balaa. Juzi juzi Diwani alinasa mguu kwenye kamba ya kuanikia nguo, akajizungusha kwa hasira badala ya kutulia aombe radhi, mguu ukavunjika. Nikamviringisha kwenye taulo langu la kazi nikampeleka kwa daktari wa wanyama, yule mama mwenye sauti nzito, kliniki yake inanukia dawa ya sakafu na ina benchi moja ambalo mwenye mbwa hukaa huku na mwenye paka hukaa kule, na katikati hukaa sisi wenye ndege kama waamuzi wa mpira. Akamfunga mguu kwa kijiti chembamba, vidole vyake vikubwa vile, mshauri, lakini vilikuwa vyepesi mpaka Diwani akasahau kumng'ata. Akasema mgonjwa abaki. Wodi ilikuwa imejaa paka, na daktari akaniambia, "Babu, ndege simlazi na paka, hata kama paka mwenyewe hawezi kusimama." Akamweka kwenye chumba kidogo kinachopakana na chumba cha upasuaji, chenye kidirisha cha kupitishia vifaa. Hicho kidirisha kikumbuke.

Diwani akapona, nikamrudisha nyumbani, akanuna kidogo kama wagonjwa wote wanaotoka mahali walipokuwa wanabembelezwa. Kisha asubuhi moja najinyoa, sabuni shavu zima, nikasikia nyuma yangu sauti ya daktari. Nikageuka nimsalimie. Hapakuwa na mtu. Alikuwa Diwani juu ya kijiti ndani ya tundu lake, kafumba jicho moja.

"Mgonjwa ni nani?" akasema kwa sauti ya daktari, na mkwaruzo wake wa mwishoni.

"Shemeji," akajijibu kwa sauti ya muuguzi, yule kijana mkubwa anayezungumzia puani.

"Tunafanya nini?"

"Tunafungua tumbo, tunatoa kitambaa."

"Anapumua?"

"Anapumua vizuri."

Halafu akapiga tiit, tiit, tiit, mashine yao hiyo, na katikati ya hizo tiit ile sauti nzito ikashuka chini kabisa ikasema, "Lala, baba, lala. Tuko na wewe."

Sabuni ikanikaukia shavuni. Mshauri, mimi nimeshika wembe kwenye makoo ya watu tangu ujana wangu, najua maana ya kiumbe kukulazia shingo yake akafumba macho, lakini mimi niliwapa maneno kwa sababu walikuwa wananisikia na walikuwa wanalipa. Huyu mama alikuwa anamwambia mbwa aliyelewa dawa, asiyesikia lolote. Nilijiona kama nimechungulia mahali ambapo mtu huvua viatu.

Basi Diwani akaendelea. "Pamba?" Wakahesabu wote wawili, mmoja anataja na mwingine anarudia. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda sokoni, lakini hili nalielewa, ni vile vipande vyeupe vya kufutia damu, huhesabiwa vikiingia na vikitoka, kisije kimoja kikasahaulika kikashonewa tumboni. Wakafika mwisho. Kisha muuguzi, "Moja haipo."

"Rudia."

Akarudia. "Moja haipo, daktari."

"Hatufungi."

Nikasogea mpaka pua yangu ikagusa tundu. Diwani akanitazama, akapiga kwichi kwichi kwichi, mkasi wangu wa zamani, akasema kwa sauti yangu mwenyewe, "Haya, nani anafuata?"

Na hapo ndipo anapoishia kila siku! Nimempa karanga, nimempa papai, nimempa matusi. Anafika "Hatufungi," halafu ananiletea mkasi. Walipoitafuta waliipata? Au walichoka wakafunga? Sijui, na aliyekuwepo hasemi.

Sasa Shemeji ni nani. Shemeji ni mbwa wa fundi cherehani, mjane tuliyepakana naye ukuta, na kaitwa hivyo kwa sababu huingia jikoni kwa watu bila hodi na hali chakula kilichopoa. Alimeza kola ya shati la mteja, nzima, pamoja na vifungo, ndiyo wakampasua. Alirudi nyumbani na lile beseni la plastiki shingoni, fundi akasema mwanawe hawezi kuvaa ndoo kama kichaa, akamshonea mwenyewe kola laini ya lesi, kapendeza kama bibi arusi, hata mimi nilimsifia. Lakini siku hizi Shemeji haji jikoni kwangu. Analala chini ya cherehani. Jana nilimpelekea mfupa akanusa akageuza uso, na tumbo nikiliangalia naliona limejaa upande mmoja. Fundi anasema anadeka. Mimi kila nikilitazama tumbo lile nasikia, moja haipo, moja haipo.

Utasema, si umwambie? Mwanangu, hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Lile neno "Hodi" nilimfundisha Diwani kwa sauti ya mteja wa kike mwenye haraka, na kwa muda mrefu sana fundi alikuwa anaacha mguu kwenye cherehani anakwenda kufungua mlango, hakuna mtu, anarudi, anakaa, anatunga uzi, "Hodi!" Alipogundua hakunitukana, ningefurahi angenitukana. Aliniambia tu, "Mzee, siku ukija na habari ya kweli nitakuwa nimeshazoea kutofungua." Nikimwambia leo kwamba kasuku wangu kasema mbwa wako kashonewa pamba tumboni, atanipiga na rula ya kukatia. Nilimjaribishia binti yangu kwenye simu, akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena ili amalizie kucheka.

Na upande wa pili kuna daktari. Nikilitoa hili neno mtaani, kesho benchi lile litakuwa tupu, na ni mikono ile ile iliyomrudishia Diwani mguu. Je, nimchafulie jina mtu kwa ushahidi wa ndege anayechanganya upasuaji na kunyoa ndevu? Na nikinyamaza, na Shemeji akafa chini ya cherehani, nitamtazamaje mama yule? Usiku naliona tumbo lile, mchana naliona. Nifanyeje? Nijibu upesi, maana mbwa hajui kusubiri foleni ya barua.

Ni mimi, Babu wa Kasuku.

*

Babu wa Kasuku,

Foleni nimeivunja. Barua yako imefika juu ya meza yangu leo, hukuandika namba ya simu, kwa hiyo naisoma yote hewani na ninakujibu hapo hapo, walioandika kuhusu wakwe zao wataniwia radhi.

Pole. Nasema pole kwa moyo, kwa sababu naona unampenda mbwa ambaye si wako na unamheshimu daktari ambaye hajui kama unamheshimu. Nikimaliza pole, sasa nikugombeze. Mzee mzima, una miguu miwili, kliniki unaijua, mlango wa jirani umepakana nao ukuta, ukakaa chini ukaniandikia mimi niliye mbali! Ungetumia ule muda wa kutafuta kalamu kwenda kugonga mlango. Huogopi kumchafulia daktari jina, Babu. Unaogopa kuchekwa. Umewacheka watu maisha yako yote na sasa zamu yako imefika, na imekukuta mbwa akiwa mgonjwa.

Sasa nisikilize. Mbwa aliyepasuliwa akaacha kula, tumbo likajaa, anarudi kwa daktari siku hiyo hiyo, iwe kasuku kasema au hakusema. Hilo halihitaji ushahidi wa ndege. Unamwambia jirani yako hivyo tu: mbwa hali, tumbo limejaa, twende. Habari ya pamba unamwambia daktari, ana kwa ana, mwenye mbwa akiwepo, kwa sababu ni mbwa wake na ana haki ya kusikia. Humwambii muuza duka. Humwambii mteja wako wa zamani. Huongezi chumvi hata chembe, useme, "Nimesikia hivi, mwisho sijui." Daktari mwema hakasiriki kuulizwa, na akikasirika utakuwa umejifunza kitu. Mchukue na Diwani, ila usimwache yeye aanze kuongea.

Na fundi akikufungia mlango, kaa hapo nje mpaka afungue. Umemfungulisha bure mara nyingi, leo gonga wewe kwa mkono wako.

Hapa studio wanacheka, Babu, sikufichi, na mimi mwenyewe nilicheka kwenye ule mkasi. Kwa hiyo tuwekeane ahadi. Ikithibitika umesema kweli, tuandikie, nami nitakuwa nimekucheka bure. Utaniomba kitu kimoja kidogo na nitakupa. Inuka sasa.

*

Mshauri wetu wa asubuhi,

Nilishainuka, lakini sikuwa wa kwanza.

Wewe ni mtu wa hatari na hujui. Redio niliyokuwa nakusikilizia dirishani ni ya nani? Ni ya fundi! Iko juu ya cherehani yake, hushona akisikiliza kipindi chako kila asubuhi. Mimi nilisahau kabisa, nilikuwa nimeegemea ukuta wangu nakusikiliza kwa raha unavyosoma maneno yangu vizuri kuliko nilivyoyaandika, mpaka ulipofika "Shemeji ni mbwa wa fundi cherehani." Cherehani ikanyamaza. Ulipofika kwenye "Hodi" nikaanza kutafuta viatu. Wewe bado unanigombeza, mlango wangu ukafunguliwa bila kugongwa, fundi huyo, futi ya kupimia shingoni, sindano mbili zimechomekwa kifuani, Shemeji mikononi kama mtoto.

"Babu," akasema, "mtaa mzima huu kuna Shemeji mwingine?"

"Hakuna, bibie."

"Basi beba ndege."

Akatangulia kwenda kliniki. Nilimfuata nyuma na tundu, Diwani anawasalimia wapita njia kwa sauti yako, maana kumbe na wewe kakushika, anakuigiza unavyokohoa kabla ya hali ya hewa.

Nilimwambia daktari kama ulivyoagiza, bila chumvi. Nilitegemea atawaka. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Babu, asante kwa kuja. Kwanza mgonjwa." Akampapasa Shemeji tumbo polepole, akafungua ile lesi shingoni, akafunua manyoya penye kidonda cha upasuaji. Pakawa pamevimba, pamelowa, pananuka. Akaishika ile kola nzuri kwa vidole viwili.

"Hii nani kashona?"

"Mimi," fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Umeshona vizuri sana. Inapinda. Mbwa kaipinda akakilamba kidonda mchana kutwa. Lile beseni ni baya makusudi, mama."

Basi ilikuwa hiyo! Usaha, siyo pamba. Wakamsafisha, wakampiga sindano, mimi nikamshikia mguu, na yule daktari akamwambia tena yale maneno, "Tulia, baba, tuko na wewe," sasa nikiyasikia kwa masikio yangu, na nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyesikia kwanza kwa mlango wa nyuma.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. "Na ile moja?" akauliza. "Ile isiyokuwepo?"

Muuguzi akatazama sakafu. Daktari akanyanyua mkono, kama vile anasema ngojeni. Akalisogelea tundu, akasimama wima, akasema kwa sauti yake ya kazini, siyo ya kumwambia ndege, ya kuwaambia watu:

"Hatufungi."

Diwani akatuna. Akainamisha kichwa upande. Mkasi haukuja. Ikaja sauti ya stuli inaburutwa, krrr, kisha daktari, "Angalia chini ya meza." Muuguzi, "Hakuna." "Angalia kwenye ndoo." Maji yakachuruzika, sijui ndege hufanyaje maji, yakachuruzika. "Hakuna." "Piga magoti, na mimi napiga." Tiit, tiit, tiit. Chumba kizima tumesimama hatupumui, muuguzi kaziba mdomo kwa mkono, na ile tiit inaendelea, muda mrefu, mshauri, Diwani hakufupisha, kaileta yote jinsi ilivyokuwa. Halafu ile sauti ya puani ikapasuka, "Hii hapa, daktari! Imeganda kwenye soli yangu!"

"Asante Mungu. Hesabu tena, zote, tangu mwanzo."

Wakahesabu tangu mwanzo.

"Zote zipo."

"Sasa tunafunga." Na chini kabisa, kama mtu anayefunika mtoto shuka, "Umevumilia, baba. Umevumilia."

Fundi alikuwa analia bila kujifuta, futi inaning'inia. Muuguzi akanyanyua mguu akaonyesha kiatu. "Ndiyo hiki," akasema. "Tangu siku ile nakikagua kabla sijatoka."

Mimi nilikaa kwenye lile benchi katikati. Nimefikiri sana tangu hapo. Watu wazima wawili wamepiga magoti sakafuni wakitafuta kipande cha pamba cha mbwa mwizi wa jikoni, mlango umefungwa, mwenye mbwa hayupo, bosi hayupo, hakuna wa kuwasifu wala wa kuwashtaki, ila ndege mmoja aliyevunjika mguu. Nami nijiulize, ningekuwa peke yangu na mteja amelala kwenye kiti, nimechoka, jua linazama, moja haipo, ningepiga magoti? Ningefunga, mshauri. Ningesema itakuwa imeanguka mahali. Sijawahi kuona kitu kikubwa kama hicho, na sikukiona, nilisimuliwa na kasuku.

Daktari akaagiza kile kidirisha kifungwe kuanzia siku hiyo akilazwa ndege yeyote anayesema, akasema mgonjwa naye ana siri zake. Shemeji kavaa beseni. Jana aliingia nalo jikoni kwangu bila hodi, akagonga mlango, akagonga sufuria, akanigonga mimi, akala nyama yangu. Nilimwacha. Fundi alikuja kumchukua, akasimama mlangoni, akasema, "Babu, leo nimefungua mwenyewe." Kwa lugha yake hayo ni mashairi.

Tatizo langu lililobaki ni dogo. Mtaa mzima ulisikia nusu ya kwanza hewani na nusu ya pili hakuna aliyeisikia. Nikiwasimulia ya kliniki wanasema, haya, mzee keshaanza. Binti yangu kacheka tena. Na wewe una deni la ahadi kwangu, uliitoa mwenyewe watu wote wakisikia.

Kwa hiyo nakuomba hiki kimoja. Kesho, kabla hujaanza barua za wakwe, sema maneno matatu, "Babu kasema kweli." Sema polepole, karibu na maikrofoni, kwa ile sauti yako nzuri, na usikohoe katikati. Ukiweza yarudie kidogo. Fundi ameshakubali, redio tutaiweka juu ya tundu la Diwani.